George Boole: Mtoto wa Fundi Viatu Aliyeipa Kompyuta Mantiki



Sisi tunaosoma falsafa seminarini huulizwa maswali mawili mara kwa mara. La kwanza hutoka kwa ndugu zetu nyumbani: hiyo mantiki mnayokesha nayo ina faida gani kwa mtu wa kawaida? La pili hutoka kwa vijana tunaokutana nao parokiani wakati wa likizo: mtu asiye na kompyuta yake, asiye na ada ya chuo wala ndugu mtaalamu, anaanzia wapi kujifunza sayansi ya kompyuta na kuandika programu?

Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yanakutana katika maisha ya mtu mmoja aliyefariki mwaka 1864, miaka mingi kabla ya kompyuta za leo kuwapo. Huyo ni George Boole, Mwingereza, mtoto wa fundi viatu. Hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na bado mantiki aliyoiandika ndiyo inayofanya kazi ndani ya kila kompyuta na kila simu ya mkononi.

Boole hakuwa Mkatoliki, na hatumwandiki hapa kama mfano wa imani. Tunamtazama kama mtu aliyeitafuta elimu akiwa mikono mitupu, na tunataka kuona kwa makini kila kitabu alikipata wapi na kwa mkono wa nani. Hapo ndipo lilipo somo letu.

Nyumba ya fundi viatu

George Boole alizaliwa tarehe 2 Novemba 1815 katika mji wa Lincoln, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Mama yake, Mary Ann, alikuwa amefanya kazi ya utumishi katika nyumba ya wakubwa kabla ya kuolewa. Baba yake, John Boole, alikuwa fundi viatu kwa riziki, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hisabati na vyombo vya kutazamia nyota. Alitengeneza darubini kwa mikono yake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba aliweka tangazo dirishani mwa duka lake, akimkaribisha yeyote anayependa kuzitazama kazi za Mungu kwa moyo wa uchaji aingie na kuangalia kupitia darubini hiyo. Biashara ya viatu haikustawi, na si ajabu, maana mwenye duka alitazama angani zaidi ya alivyotazama visigino.

Baba huyu ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa George. Alimfundisha hisabati mpaka pale alipoishia yeye mwenyewe. Kilatini hakukijua, hivyo akamwomba rafiki wa familia, William Brooke, aliyekuwa muuza vitabu pale mjini, amwanzishie mtoto. Baada ya hapo George alijifunza Kigiriki peke yake. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alitafsiri shairi la Kigiriki, na baba kwa furaha akalipeleka kwenye gazeti la mji, likachapishwa. Mwalimu mmoja wa eneo hilo alipinga hadharani, akidai kwamba mtoto wa umri huo hawezi kuwa ndiye aliyefanya kazi ile. Basi hata kabla ya kuanza kunyoa ndevu, Boole alikuwa amekwisha kuonja jinsi jamii inavyomtazama mtu aliyejifunza nje ya mlango rasmi.

Shule aliyosoma ilikuwa shule ya biashara. Watoto wa wenye mali walisoma shule nyingine, zilizowaandaa kwenda Oxford na Cambridge. Fundi viatu wa Lincoln hakuwa na uwezo wa kumpeleka mwanawe huko.

Mlezi wa familia akiwa na miaka 16

Mwaka 1831 biashara ya baba ilianguka kabisa. George, akiwa na miaka 16, akawa mwalimu msaidizi katika shule moja ya mji wa Doncaster, na tangu hapo mshahara wake ndio uliowalisha wazazi na wadogo zake.

Katika miaka hiyo aliwahi kufikiria kuingia katika huduma ya Kanisa la Kianglikana. Aliacha wazo hilo, kwa sehemu kwa sababu familia ilimtegemea, na kwa sehemu kwa sababu alianza kuwa na mashaka juu ya baadhi ya mafundisho, hasa fundisho la Utatu. Baadhi yetu tunaifahamu njia panda ya kwanza, ile ya wito upande mmoja na wadogo wanaosubiri ada upande mwingine. Hatuwezi kukubaliana naye kuhusu mashaka yake, lakini tunauheshimu unyofu wake. Hakutaka kuvaa vazi la huduma huku moyoni akikataa lile ambalo angepaswa kulihubiri.

Shule ya Doncaster ilikuwa ya Wamethodisti, watu walioishika Jumapili kwa ukali. Malalamiko yakaanza kwamba mwalimu kijana anasoma hisabati siku ya Bwana, na kwamba hata akiwa kanisani akili yake iko kwenye hesabu. Akapoteza kazi. Hatumsifu kwa kupiga hesabu wakati wa ibada! Lakini kisa hiki kinatuonyesha ukubwa wa njaa aliyokuwa nayo.

Kuna jambo jingine la kipindi hiki linalosimuliwa. Kijana huyu mwenye fedha kidogo aligundua kwamba kitabu cha hisabati kinamfaa zaidi kuliko vitabu vingine, kwa sababu kinachukua muda mrefu kukimaliza. Kitabu kingine kingesomwa na kuisha upesi, na fedha ya kununua kinachofuata isiwepo. Cha hisabati kingemshika kwa miezi. Kwa hiyo umaskini wenyewe ulichangia kumwelekeza kwenye somo ambalo lingempa jina.

Vitabu vilivyopita mikononi mwa watu

Mwaka 1834, akiwa na miaka 19 tu, Boole alifungua shule yake mwenyewe pale Lincoln. Mchana alifundisha watoto. Usiku alijifundisha mwenyewe.

Miaka hiyo miji mingi ya Uingereza ilianzisha taasisi za mafundi, yaani mahali ambapo wafanyakazi wa mikono waliweza kusoma vitabu na kusikiliza mihadhara baada ya kazi. Lincoln nayo ilipata taasisi yake, na msimamizi wake alikuwa John Boole, yule yule fundi viatu wa darubini. Maktaba ya taasisi ilipokea machapisho ya Shirika la Kifalme la Sayansi la London, kwa hiyo mambo mapya ya wataalamu yaliweza kufika hadi kwa mtoto wa msimamizi.

Rais wa taasisi hiyo alikuwa Edward Bromhead, bwana mwenye cheo na mali, aliyesoma hisabati Cambridge. Alimwona kijana, akaanza kumwazima vitabu kutoka katika maktaba yake ya nyumbani. Kitabu cha kalkulasi cha Mfaransa Lacroix alikipata kwa kasisi wa Kianglikana wa kanisa la Mtakatifu Swithin pale Lincoln, George Dickson. Ili kuwasoma wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, Lagrange na Laplace, ilimbidi ajue Kifaransa, na hicho pia alijifunza kutoka vitabuni. Baada ya muda alisoma pia Kijerumani na Kiitaliano. Mwaka 1835 taasisi ilimwalika atoe hotuba juu ya maisha na uvumbuzi wa Isaac Newton, ambaye alizaliwa katika mkoa huo huo wa Lincolnshire. Hotuba hiyo ilichapishwa.

Hebu tuwahesabu watu hawa: baba fundi viatu, muuza vitabu, bwana mwenye maktaba, kasisi wa mtaa. Tunaposema Boole alijifunza peke yake, tunasema kweli kwa nusu tu. Aliketi peke yake mezani, ndiyo, lakini karibu kila kitabu kilichokuwa mezani pale kiliwekwa na mtu mwingine.

Na nusu ile ya upweke ilimgharimu. Boole mwenyewe alikuja kuona kwamba alipoteza miaka kadhaa akipambana na kalkulasi bila mwalimu, kwa mambo ambayo mtu anayejua angemweleza kwa muda mfupi. Ushuhuda huu una uzito, kwa sababu umetoka kwa mtu ambaye wengi humtaja kama mfano wa kujifunza bila mwalimu. Kitabu kinaweza kukupa somo, lakini hakiwezi kukuona ukiwa umekwama.

Mwalimu wa namna hiyo alimpata kuelekea mwaka 1840. Duncan Gregory, Mskoti aliyemzidi Boole umri kwa miaka miwili tu, alikuwa mhariri wa jarida la hisabati la Cambridge. Boole alimpelekea kazi zake. Gregory hakumuuliza ana shahada gani. Alisoma, akaona kuna kitu, akamsaidia kuandika kwa namna ambayo wanahisabati wangemwelewa, kisha akachapisha. Boole alifikiria hata kwenda kusoma Cambridge, lakini angelazimika kufunga shule iliyowalisha wazazi wake, akaacha. Gregory alifariki mwanzoni mwa mwaka 1844, akiwa na miaka 30. Mwaka huo huo Boole alichapisha kazi juu ya mbinu za uchambuzi wa hisabati, na Shirika la Kifalme likamtunuku medali ya dhahabu, ya kwanza kutolewa na shirika hilo kwa ajili ya hisabati. Mpokeaji alikuwa mwalimu wa shule ya bweni huko Lincoln, asiye na cheti chochote cha chuo kikuu.

Hakusahau wenzake wa tabaka la chini. Mwaka 1847 alitoa hotuba kwa chama cha Lincoln kilichodai maduka yafungwe mapema, ili vijana waliouza madukani wapate muda wao. Mada yake ilikuwa matumizi mema ya muda wa mapumziko. Alijua kwa maisha yake kwamba maskini hukosa vitabu, lakini kabla ya vitabu hukosa saa za kuvisoma.

Hesabu ya fikra

Tumefika sasa kwenye kazi iliyomfanya akumbukwe. Hapa tunaomba msomaji asiyependa hesabu avumilie kidogo. Ni rahisi kuliko inavyoonekana.

Tangu Aristotle, mantiki ilifundishwa kwa maneno: binadamu wote hufa, Sokrate ni binadamu, basi Sokrate hufa. Mwaka 1847 palikuwa na mabishano makali kati ya mwanahisabati Augustus De Morgan na mwanafalsafa William Hamilton wa Edinburgh kuhusu namna ya kuziandika kauli za mantiki. Boole aliyafuatilia, akajiuliza kama mantiki inaweza kuandikwa kama aljebra. Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo juu ya jambo hilo, na mwaka 1854 akatoa kikubwa, kiitwacho kwa Kiswahili *Uchunguzi wa Sheria za Fikra*.

Wazo lake tulieleze kwa mfano wa parokia. Tuseme herufi *x* inasimama badala ya wanakwaya wote, na *y* badala ya vijana wote. Tukiandika *xy*, tunachagua wale walio katika makundi yote mawili, yaani vijana wanakwaya. Tukiandika *yx* tunapata watu wale wale, kama katika hesabu za kawaida ambako 2 mara 3 ni sawa na 3 mara 2. Je, tukiandika *xx*? Hapo tunawachagua wanakwaya ambao ni wanakwaya, na hao ni wanakwaya tu, hakuna aliyeongezeka wala kupungua. Kwa hiyo katika mantiki *x* mara *x* ni sawa na *x*.

Katika hesabu za kawaida jambo hilo si kweli kwa namba nyingi. 2 mara 2 ni 4, na 3 mara 3 ni 9. Ni namba mbili tu zinazoitii sheria hiyo: 0 mara 0 ni 0, na 1 mara 1 ni 1. Boole akaona kwamba mantiki ni aljebra ya namba hizo mbili. Kwake 1 ni vyote vinavyozungumziwa, na 0 ni hakuna kitu. Wasio wanakwaya wataandikwa 1 kutoa *x*.

Na hapa ndipo sisi wanafunzi wa falsafa tunaposimama na kushangaa. Ikiwa *x* mara *x* ni sawa na *x*, basi kwa hatua ndogo ya aljebra tunapata kwamba *x* mara (1 kutoa *x*) ni sawa na 0. Tukisoma kwa maneno: wanakwaya ambao si wanakwaya hawapo. Hiyo ni kanuni ya kutopingana, ambayo Aristotle aliiweka katika msingi wa fikra zote, kwamba kitu hakiwezi kuwa hivi na kutokuwa hivi kwa wakati mmoja na kwa namna moja. Kanuni tunayoikariri katika mwaka wa kwanza wa falsafa, Boole aliifikia kwa mstari mmoja wa hesabu.

Profesa asiye na shahada

Mwaka 1846 Boole aliomba kazi katika vyuo vipya vilivyokuwa vikianzishwa na serikali ya Uingereza nchini Ayalandi. Alisubiri miaka mitatu. Baba yake alifariki Desemba 1848, bila kuona matokeo. Mwaka 1849 George aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa hisabati katika Queen's College, Cork. Wanahisabati wakubwa walikuwa wamemshuhudia kwa barua, na hilo lilitosha kuziba nafasi ya shahada.

Alifika katika nchi iliyojaa majonzi. Njaa kuu iliyotokana na ugonjwa wa viazi ilikuwa imeua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine wengi ng'ambo. Vyuo hivyo vipya pia vilikuwa katikati ya mgogoro. Havikufundisha dini yoyote rasmi, na Maaskofu Wakatoliki wa Ayalandi, katika Sinodi ya Thurles ya mwaka 1850, waliwaonya waamini dhidi yake. Jibu lao lilikuwa kuanzisha Chuo Kikuu Katoliki huko Dublin, kilichofunguliwa mwaka 1854 kikiongozwa na John Henry Newman, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2019.

Kwa hiyo mwaka 1854, katika kisiwa kimoja, Newman alikuwa akijenga chuo ambamo taalimungu ina kiti chake, na Boole alikuwa akichapisha sheria za fikra katika chuo kisicho na kiti hicho. Maaskofu hawakuogopa hesabu. Waliogopa elimu iliyokatwa mbali na Mungu, na hofu hiyo bado ina maana leo, wakati vijana wetu wanapojifunza kutengeneza mashine bila mtu wa kuwauliza mashine hizo ni kwa ajili ya nini. Tunayahitaji yote mawili: akili iliyonolewa kama ya Boole na swali la Newman kuhusu lengo la elimu nzima.

Huko Cork Boole alikutana na Mary Everest, binti wa ndugu yake George Everest, mpima ardhi ambaye mlima mrefu kuliko yote duniani umepewa jina lake. Mary alipenda hisabati, na wakati huo vyuo vikuu havikuwapokea wanawake. Boole akamfundisha, ana kwa ana na kwa barua. Walioana mwaka 1855, wakajaliwa mabinti watano. Mwaka 1857 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Shirika la Kifalme, na mwaka 1859 na 1860 alitoa vitabu viwili vya kufundishia. Mtu aliyeteseka kwa kukosa mwalimu sasa alikuwa akiwaandikia wengine njia iliyonyooka zaidi.

Mwishoni mwa Novemba 1864 alitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwake hadi chuoni, mwendo wa maili kadhaa, huku mvua kubwa ikinyesha. Alifundisha akiwa na nguo zilizolowa. Homa ikamshika, ikaingia mapafuni. Alifariki tarehe 8 Desemba 1864, akiwa na miaka 49. Binti yake wa mwisho, Ethel, alikuwa mtoto mchanga wa miezi michache.

Kutoka kaburini hadi kwenye swichi

Mary alibaki na watoto watano na kipato kidogo. Alirudi Uingereza, akapata kazi ya maktaba katika chuo kimoja cha wanawake London, na baadaye akaandika vitabu juu ya namna ya kuwafundisha watoto hisabati. Binti wa tatu, Alicia, hakupata kamwe elimu ya chuo, lakini alifanya uvumbuzi katika jiometria hadi Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, kikampa shahada ya heshima mwaka 1914. Ethel alikuwa mwandishi maarufu wa riwaya. Mbegu ya duka la viatu haikuacha kuota.

Aljebra ya Boole ilibaki kwa miongo mingi kuwa mali ya wanafalsafa na wanahisabati wachache. Kisha, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kijana mmoja mhandisi aitwaye Claude Shannon alikutana nayo katika somo la mantiki. Mwaka 1937, akiwa chuo cha MIT, aliandika tasnifu ya uzamili iliyobadilisha dunia. Alionyesha kwamba swichi za umeme zinaitii aljebra ya Boole. Weka swichi mbili zikifuatana katika waya mmoja: taa itawaka ikiwa ya kwanza NA ya pili zimewashwa. Ziweke sambamba, kila moja na njia yake: taa itawaka ikiwa ya kwanza AU ya pili imewashwa. Swichi iliyowashwa ni 1, iliyozimwa ni 0. Kompyuta ni mabilioni ya swichi ndogo kama hizo.

Ndiyo maana anayejifunza kuandika programu hukutana na Boole mapema sana. Kauli kama hii, kwamba ikiwa mwanafunzi amesajiliwa NA amelipa ada basi jina lake liingie kwenye orodha, ni kauli ya Boole. Katika lugha ya programu ya Python, aina ya data yenye thamani mbili tu, kweli au si kweli, inaitwa *bool*, kwa heshima yake.

Tunajifunza nini?

Turudi kwa wale vijana na swali lao la wapi pa kuanzia.

Kwanza, anza na ulichonacho. Mantiki ya kompyuta inaweza kuanza kwa kalamu na daftari, kwa sababu aliyeiandika hakuwahi kuiona kompyuta ya leo. Mtu anayeweza kupanga hatua za kazi kwenye karatasi bila kuruka hata moja amekwisha kuanza kuandika programu. Na anayejaribu vitabu na kozi kumi kwa wakati mmoja amkumbuke Boole na kitabu chake kimoja kilichomshika kwa miezi.

Pili, nyenzo zipo, tena nyingi ni za bure. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, mafunzo ya freeCodeCamp na ya Khan Academy yanafuatwa na yeyote mwenye intaneti bila kulipa ada. Python yenyewe haiuzwi. Kitabu cha Boole cha mwaka 1854 kinasomwa bure katika maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Nyenzo hizi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na wengine wetu hukata tamaa hapo. Lagrange naye aliandika kwa Kifaransa, na mwalimu wa Lincoln akajifunza Kifaransa.

Tatu, tafuta mtu. Hili ndilo Boole alilolijua kwa hasara yake. Watatu wanaosoma pamoja baada ya jumuiya siku ya Jumamosi watafika mbali kuliko mmoja anayejifungia chumbani. Aliyetangulia hatua mbili tu anaweza kumwonyesha mwenzake alipokwama, kama Gregory alivyofanya kwa mtu aliyelingana naye karibu kwa umri.

Nne, na hili linatuhusu sisi wengine, hata tusioandika programu kamwe. Katika maisha ya Boole palikuwa na kasisi mwenye kitabu kimoja cha kalkulasi, akakitoa. Palikuwa na bwana mwenye maktaba, akaifungua. Sidhani kama kuna parokia isiyo na kitu cha namna hiyo: kompyuta ya ofisi inayolala kuanzia saa kumi jioni, chumba chenye umeme ambacho hakitumiki siku za juma, mwalimu mstaafu wa hisabati anayesali nasi kila asubuhi, muumini anayefanya kazi ya kompyuta mjini na kurudi nyumbani Pasaka na Krismasi. Kanisa halianzi leo kazi hii. Sista Mary Kenneth Keller, mtawa wa Marekani, alipata shahada ya udaktari wa sayansi ya kompyuta mwaka 1965, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa nchini mwake, kisha akaiongoza idara ya somo hilo katika chuo cha shirika lake huko Iowa kwa takriban miaka 20.

Na wale ndugu zetu wanaouliza mantiki ina faida gani, sasa tuna jibu la kuwaonyesha mkononi mwao, katika simu wanayoishika wakati wakituuliza.

Katika parokia zetu yumo mtoto wa fundi viatu. Yumkini ndiye anayefagia kanisa Jumamosi, au ndiye anayepiga kinanda kwaya ikifanya mazoezi. Hatumjui bado kwa kipaji chake, na yeye hajui kwamba katika kabati la mmoja wetu kuna kitabu anachokihitaji. Tukifungue kabati.